Nafuma Ninacholetewa

"Nataka ukweli. Nyuzi za kamba zimeingiaje kwenye kitambaa cha harusi?"

Mama mdogo, mwenye karakana, alikitandaza kitambaa mezani mbele ya wafanyakazi wote. Bibi harusi alikuwa amekijaribu asubuhi ile, akaondoka anajikuna, shingo nyekundu. Maganda ya ndani ya shina la mgomba hutoa nyuzi laini za kitambaa; ya nje hutoa nyuzi za kamba. Zikishakauka, kwa macho zinafanana. Shingo ndiyo inayojua tofauti.

Aliyekwangua maganda na kutenga mafungu ni binti waliyemwita Pamba, kwa jinsi nyuzi zake zilivyokuwa laini. Aliyefuma ni kijana ambaye mwenye karakana ni mama yake mdogo, na ndiye mchumba wa Pamba.

"Mwanangu, nakuuliza wewe."

Mfumaji alijua vizuri kilichotokea. Ijumaa iliyopita nyuzi laini zilimwishia kitambaa kikiwa kimebaki kidogo tu kukamilika, naye badala ya kungoja, akafungua fungu la kamba akamalizia.

"Mimi nafuma ninacholetewa," akasema.

Pamba alimtazama. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi.

"Binti, nilikuamini," mama mdogo akasema. "Nenda nyumbani."

"Sawa, mama."

Jioni mfumaji alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akatuma ujumbe: "Mpenzi, nilibabaika. Naomba tuongee."

Ukasomwa.

Kesho yake akatuma mwingine: "Umekula?"

Alipousoma tena mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Umemchongea mtoto wa watu kazini, halafu unamuuliza habari za chakula. Siku ya tatu likaja jibu: "Baba ameambiwa nimefukuzwa kwa uzembe. Anasema nimemwaibisha, hataki hata kula meza moja na mimi. Tafadhali usiniulize tena kama nimekula."

Jitu zima, mabega kama mlango, likajifungia chooni likalia.

Kilichommaliza kabisa ni huruma za wenzake. Siku ya nne, fundi wa mtambo wa pili wa kufumia alimpigapiga begani.

"Pole, kaka. Bora umemjua kabla ya ndoa."

Mfumaji akaiacha kazi ilipo, akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo.

"Mama, weka kikombe chini kwanza."

"Kuna nini?"

"Kile kitambaa niliharibu mimi. Nyuzi ziliniishia, nikachukua za kamba. Pamba hana kosa."

Mama mdogo akaweka kikombe chini.

"Na ukamwacha yule mtoto abebe?"

"Niliogopa utaniona sifai."

"Na sasa nikuoneje?"

Mama mdogo akainuka.

"Twende kwao. Haya hutayamalizia kwangu."

Baba yake Pamba aliwapokea sebuleni, akamwonyesha kijana kiti kilekile alichokikalia Ijumaa ile alipokuja kujitambulisha.

"Karibu, mkwe. Binti yangu ameniangusha. Nashukuru hata kwamba bado unakuja."

Kijana hakukaa. Pamba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mzee, usinishukuru. Aliyeharibu kazi ni mimi. Niliulizwa mbele ya watu, nikamsukumia mwanao."

Mzee akavua miwani.

"Ulikuwa na haraka gani ya kushindwa kungoja nyuzi?"

"Nilikuwa nakuja hapa. Sikutaka uniambie nimechelewa."

Mzee akakumbuka. Siku ile alimsifu mbele ya wageni wote kwamba huyu ni kijana anayejua saa. Akainamisha kichwa, na sasa wakawa wanaume wawili wenye aibu ndani ya chumba kimoja.

"Mwanangu," mama mdogo akamwambia Pamba, "nilikuhukumu bila kukuuliza hata neno moja. Nisamehe. Kazi yako ipo. Jumatatu huyu ataanza kukwangua maganda, na wewe ndiye utakayemsimamia."

"Asante, mama. Lakini mimi nilijua."

Wote wakamgeukia.

"Jumamosi nilikuta fungu la kamba limefunguliwa na kufungwa upya. Fundo halikuwa langu. Pale karakanani hakuna mwingine anayefunga fundo baya kama lake."

"Ulijua," baba yake akasema polepole, "ukaniacha nikuseme siku zote hizi?"

"Nilitaka aseme mwenyewe, baba. Nikimsemea leo, nitamsemea maisha yangu yote."

Mfumaji alitamani kupiga magoti, akaona hata hilo litakuwa la kujionyesha. Akabaki amesimama, mikono haijui pa kukaa.

"Nilikuuza," akasema. "Kwa maneno matatu. Sina cha kujitetea. Nataka kujua tu kama umeniacha."

Pamba akaja mpaka mbele yake. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Ningekuwa nimekuacha, ningekutaja siku ileile."

Akavuta kiti cha pembeni, akakaa, akamwambia naye akae.