Mke Wangu Aliniuliza Debe Ngapi

"Mheshimiwa mgombea, gunia lako moja linabeba debe ngapi?"

Aliyeniuliza hivyo mbele ya wajumbe wote wa kata alikuwa mke wangu wa ndoa, Bibiana, naye mjumbe. Asubuhi hiyohiyo alininyooshea shati.

Ndugu zangu mnaosoma, ngojeni niwasimulie...

Mimi ni Leonce. Nilikuja Rhotia kutoka Singida kupalilia mashamba ya watu. Leo nina shamba langu, na nanunua maharage ya wakulima napeleka Arusha. Nikaona udiwani unanifaa.

Tangu nichukue fomu, usoni wananichekea, kisogoni ni matusi tu. Wa kuja huyo, arudi kwao!

Siku ya kujieleza nilitokea Endamarariek kupakia mzigo. Nikaegesha Fuso langu mbele ya ukumbi, waone mgombea mchapakazi. Nikaingia, nikatamba:

"Mkinipitisha, lumbesa mwisho. Hakuna mkulima atakayeuza tena gunia lililoshonewa kilemba, debe la ziada lisilolipwa."

Hapo ndipo Bibiana aliponyoosha mkono.

"Debe sita," nikamjibu. "Kama inavyotakiwa."

"Basi wajumbe wachungulie dirishani."

Wakachungulia. Gari zima lumbesa, kila gunia na kilemba chake. Nilishazizoea hadi nikaacha kuziona.

"Mwizi wewe!"

"Toka na Fuso lako!"

Mpinzani wangu Martini alicheka hadi akakohoa.

Kura zikahesabiwa. Martini sitini na nne. Leonce moja.

Nilimfuata Bibiana nje kwa hasira.

"Umenimaliza. Martini kakuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu. Mama yangu anakuuzia maharage miaka saba, debe la juu unakula wewe. Nikikwambia nyumbani, unasema biashara hainihusu."

"Ndiyo uje unianike hapa?"

"Martini alishaliona gari, alikuwa anasubiri zamu yake akuumbue. Nikamuwahi ili wewe useme umekosa, unaacha. Wangekusamehe. Ukachagua uongo."

"Halafu ukaenda kumpa kura."

Akaniangalia kama mtu aliyechoka.

"Leonce, wewe si mjumbe, huna kura. Hiyo moja unadhani kapiga nani?"

Alikuwa yeye, jamani. Wiki nzima nililala na aibu.

Ukitaka kuongoza watu, kwanza watue mzigo uliowabebesha mwenyewe. Na anayekuuliza swali gumu hadharani, usikimbilie kumwita msaliti. Mimi waliokuwa wananichekea wote walimpigia Martini.