Liste ya Vitu Kumi na Vinne Niliyoipasua

Nilikuwa nafua suruali ya bwana yangu. Nikatia mkono mfukoni... nikatoa karatasi.

Wandugu, moyo ulisimama!

Mwandiko ni wake. "Mashini ya kushona, moja. Frigo, moja. Matela za kulalia, mbili. Masufuria, sita. Vikwembe vya harusi..."

Vitu vyangu! Kimoja kimoja, na bei pembeni!

Redio yake haimo. Viatu vyake havimo. Mistari kumi na minne, yote ya minye Feza. Na chini kabisa, jina la mwanamke: Olga. Na namba ya simu.

Mnanisoma vizuri? Muntu niliyezaa naye mtoto wetu Claire anaorodhesha nyumba yangu kwa ajili ya mwanamke!

Na si hiyo tu. Kinga yake, ile baisikeli aliyoipenda kuliko chakula, aliiuza wiki ileile. Nilipomuuliza pesa imeenda wapi, alikohoa tu.

Simu yake ilikuwa inachaji. Nikaichukua, nikapiga ile namba.

"Allo, Baba Claire!" Sauti laini, tamu. "Ile liste iko tayari? Kesho nakungojea, usikose!"

Nikakata.

Bwana yangu Marcellin alirudi jioni kutoka chantier, yeye ni maso, fundi wa kujenga, miguu imejaa simenti. Sikumpa hata maji ya kunawa.

"Olga ni nani?"

Akashtuka. "Mama Claire, tulia nikuelezee. Ni mama wa biro ya asiranse, ofisi ya bima. Nilitaka..."

"Asiranse!" Nilicheka mpaka bajirani wakatoka nje. "Asiranse ni ya motokari! Weye uko na motokari? Nyumba yenyewe ni ya Papa Octave, siye tunapanga tu!"

"Hii ni ya vitu vya ndani. Ya balokateri, siye tunaopanga. Nilitaka nimalize kwanza, nikuletee karatasi kamili..."

"Muongo!"

Nikaipasua ile liste mbele ya macho yake. Vipande nikavitupa ndani ya maji ya kufulia. Nguo zake nikazitupa nje, bajirani wa parseli nzima wanaangalia.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aliokota mashati yake, akapangusa matope, akaenda kwa kaka yake, kule Makobola.

Nami nilijiona mshindi, jamani! Nilikula ugali wangu na ndagala usiku ule nikijisifu.

Siku mbili baadaye simu yangu ikalia. "Mama Claire? Jina langu ni Olga, naomba dakika moja..."

Weeh! Matusi niliyomporomoshea siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma. Nikamblock.

Wiki tatu zikapita.

Saa nne asubuhi, niko sokoni nachagua uzi wa kushonea. Simu!

"Mama Claire, kimbia! Nyumba inaungua!"

Nilikimbia na kiatu kimoja. Jirani yangu wa ukuta, Mama Apolline, alikuwa ameacha mbabula ya makala, jiko la mkaa, karibu na pazia, akatoka kidogo tu kuteka maji. Kidogo tu! Nilipofika, mabati yalikuwa yanaanguka. Claire alikuwa masomoni, nashukuru Mungu mpaka leo.

Mashini yangu niliiona kwa dirisha, inawaka. Ile mashini ndiyo iliyomlipia Claire masomo. Mama yangu aliiuzia mbuzi wake wote. Nilitaka kuingia, watu wakanishika.

Papa Octave, mwenye nyumba, akafika anahema.

"Pole, mwanangu. Usilie sana. Nyumba iko na asiranse, itajengwa tena."

Nikapiga magoti! "Aksanti, Papa! Aksanti sana! Na mashini yangu?"

Akaangalia chini.

"Mashini haimo, mwanangu. Minye nililipia ukuta na mabati. Vya ndani, kila lokateri anajilipia yake. Baba Claire hakukuambia? Minye njo nilimuonyesha ile biro."

Nilibaki pale chini, na majivu yananirukia kichwani.

Kesho yake nikaenda kwenye ile biro. Nikakuta mama wa nywele nyeupe, miwani imefungwa kwa kamba. Angeweza kunizaa!

"Weye njo Mama Claire?" Sauti ileile, laini. "Minye njo Olga."

Wandugu... nilitamani ardhi inimeze!

Akafungua faili. "Bwana yako alilipa. Ilibakia liste ya vitu tu. Bila liste kontra, ule mkataba, haianzi, juu hatujui tunalinda nini. Alikuja akasema imepasuka, na hawezi tena kuingia mu nyumba kuhesabu. Nikamwambia nitakuita weye uandike ingine. Nilikuita, mama. Nikakuita tena."

Nikakumbuka matusi. Nikakumbuka block.

"Mama Olga... kwa nini aliandika vyangu tu?"

Akavua miwani.

"Pesa ya baisikeli yake, ile kinga, haikutosha kulinda vyote. Nikamwambia achague. Akasema, andika vya bibi yangu. Vyangu vikiungua, haina shida."

Nililia pale biro kama mtoto mdogo. Mama Olga alinishika mgongo.

Nikapanda mototaksi mpaka Makobola. Nikamkuta Marcellin anapanga matofali. Habari alikuwa ameisikia.

"Claire iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na weye?"

"Niko."

Akapumua. "Basi."

"Baba Claire, nisamehe. Nimekukosea. Turudi, tuanze upya."

"Nilikusamehe siku ileile, Feza." Feza! Hakuniita Mama Claire. "Lakini sitarudi. Miaka tisa pamoja, na ulikosa dakika moja ya kunisikiliza."

Akachukua tofali lingine.

Nyinyi mnaopanga nyumba, nisikilizeni minye niliyeunguliwa. Asiranse ya mwenye nyumba ni ya kuta zake. Ile garanti ya kodi ya miezi mingi uliyomlipa ukiingia haitakurudishia hata kijiko. Vitu vyako ni mzigo wako, vikatie asiranse yako, viandike, na liste iweke mbali na moto. Na ukikuta karatasi mfukoni mwa mwenzako, uliza. Halafu funga mdomo, usubiri jibu. Minye sikusubiri.

Jana nilimpelekea Mama Olga liste ya chumba changu kipya. Godoro moja, masufuria mawili, sanduku la Claire.

Akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Na vya bwana?"

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Hana kitu mule."