Kigoda cha Mama Clara wa Westville

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Anayeijua vizuri ni rafiki yangu Achille, ila siku hizi Achille haongei akiwa karibu na dirisha. Kwa hiyo mmebaki na mimi, mtu ambaye hata msibani huambiwa akae nyuma asije akachekesha maiti. Nikikosea, chekeni. Nikipatia, fungeni dirisha.

Achille alitoka Bukavu, na hapa Durban aliangukia kazi nyepesi kuliko zote. Kule Westville, kwenye mtaa wenye miti mingi kuliko watu, aliishi mama mzee wa Kihungaria aliyeitwa Clara. Sebule yake alikuwa ameigeuza makumbusho. Kila Jumamosi walikuja wageni wenye udadisi, wanafunzi wa chuo na wastaafu wenye kofia pana, kuangalia vitambaa vilivyotariziwa maua, picha za Budapest na mto wake, na chungu cheusi cha kupikia mchuzi wa nyama. Achille aliwafungulia geti na kuwapa chai. Mwishowe alikariri maelezo yote ya yule mama, akawa anawatembeza wageni yeye mwenyewe, kifua mbele, utadhani alizaliwa kule.

Na vyote alivyovieleza alividharau, bila upendeleo.

"Batu gani hawa?" aliniambia. "Banamwaga pilipili nyekundu kopo nzima kwa mchuzi, na haiwashi! Jina la ukoo banatanguliza mbele, kama banaitwa kwa polisi."

Hata bia waliikosea, kwa maoni yake. Siku moja ya joto Mama Clara alimkaribisha glasi. Achille akanyoosha ya kwake wagonganishe. Mama akarudisha mkono.

"Sisi hatugonganishi bia. Waaustria walipowaua majenerali wetu, mwaka 1849, inasemekana walisherehekea hivyo."

"Mama, hiyo ni zamani sana."

"Na wewe umeshamsahau aliyekufukuza kwenu?"

Achille akamaliza glasi yake. Lakini kwenye teksi alicheka peke yake mpaka abiria wakasogea. Taifa zima limeinunia glasi!

Kilichomvunja mbavu kuliko vyote ni kigoda. Kilikuwa kifupi, cha miguu mitatu, kila kipande kimetoka mti tofauti. Mwaka 1956 vifaru vya Warusi vilipoingia Budapest, Clara alikuwa mtoto mdogo, na familia yake ilikimbilia mpaka wa Austria kwa miguu. Wengine walibeba mikate na mablanketi. Bibi yake alibeba kigoda.

"Vifaru vinalia, mtu anabeba kiti!" Achille aliwaambia wageni, nao wakacheka. Hakuwaambia kwamba mama yake mzazi alitoka Bukavu amebeba pasi ya mkaa.

Mama Clara aliwaacha wamalize kucheka. Kisha alieleza kwa sauti ya chini. Kwao, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, mtu huanza kukichonga. Kila siku kipande kimoja, kila kipande mti mwingine, na kazi inaisha mkesha wa Krismasi. Ukikipeleka kanisani ukakisimamia, utawaona wachawi walioko ndani. Nao watakuona. Hapo ukimbie, ukimwaga mbegu za popi nyuma yako, zile nyeusi ndogo kuliko ulezi, maana mchawi hawezi kuiruka mbegu bila kuiokota. Ukifika nyumbani, choma kigoda.

"Bibi yangu alikisimamia mara moja," alimalizia. "Hakukichoma. Na hakuingia tena kanisani."

Wageni wakapiga picha. Achille akakusanya vikombe.

Sasa, Achille alikuwa na mama mkwe, Joséphine, mjane wa Kirundi aliyeuza mahindi ya kuchoma kwenye soko la Warwick Junction na kulala chumba cha nyuma nyumbani kwa Achille. Mwanamke mkimya. Macho mekundu kwa moshi. Mjane, mkimya, macho mekundu: kwa kanisa lao hiyo ilikuwa kesi iliyokwisha kusikilizwa.

Kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kukodi kule Clairwood, juu ya gereji ya malori. Mchungaji wake, Pasta Peguy, alikuwa mtu aliyesomea unabii kwenye simu, na bando lilimwishia katikati ya somo. Mwaka jana, Desemba, alitangaza kwamba mkesha wa Krismasi atamtaja mchawi anayefunga vibali vya watu vya kuishi nchini visitoke. Shingo zote zikageuka kwa Joséphine. Wiki hiyohiyo wateja wakahamia jiko la pili. Mwenye nyumba, naye muumini, akamvuta Achille pembeni.

"Akitajwa, mutoke siku ileile. Yeye, na weye, na mke wako, na mtoto."

Usiku huo huo Joséphine alianza kukunja nguo zake. Achille alimkuta ameshika begi.

"Baba Lyse," akamwambia, kwa jina la mjukuu wake, "mimi nitaondoka mbele. Wasije wakawafukuza nyinyi kwa sababu yangu."

"Mama, weka begi chini. Hakuna anayetoka hapa."

Akaja kwangu na mpango. "Kama Peguy anaona wachawi, na mi nitaona. Nitapanda kile kigoda mbele ya watu, nimwonyeshe yeye kidole. Uongo kwa uongo, tuone nani atakimbia."

Mimi, mshauri wa kuaminika, nilipiga makofi.

Mama Clara hakupiga makofi. Alimpa Achille kigoda, kisha akampa kopo.

"Mbegu za shambani kwa dada yangu. Hunitumia kopo moja kila Krismasi. Mwaga kidogo kidogo. Wakishaokota mbegu moja ya kopo hili, hawatulii mpaka wazipate zote. Zikiisha, wanamrudia aliyewaona. Na chochote utakachofanya, kigoda usikiache."

"Ndiyo, mama," alisema Achille, kwa sauti ileile aliyowaitikia wageni wanaoomba sukari.

Akapitia kwangu. Akatia konzi moja ya mbegu mfukoni, za maonyesho. Kopo akaliacha mezani pangu.

"Unitunzie, ndugu yangu."

Ibada ilikuwa mchana, kwa sababu ukumbi ulitakiwa kurudishwa kabla ya giza. Jua lilikuwa kali. Madirisha wazi, feni zinahema, chini fundi anagonga ringi. Watu walikuwa wachache; hata mke wa Achille na mtoto walibaki nyumbani. Wengi walikwenda kuogelea baharini. Nusu ya viti vya plastiki vilikuwa vitupu.

Pasta Peguy alipoinua mkono na kusema, "Sasa, jina," Achille akasimama, akatembea mpaka mbele, akaweka kigoda chini.

"Pasta, samahani. Na mi iko na jina."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka. Achille akapanda.

Alikuwa ameshainua kidole.

Pasta alikuwa vilevile. Jasho, tai, kipaza sauti. Mtu mjinga tu, wala si mchawi. Joséphine alikuwa vilevile, kitambaa kichwani, begi miguuni. Kwaya vilevile.

Viti.

Hakukuwa na kiti kitupu.

Vyote vilikuwa na watu. Wamekaa vizuri, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja. Wengine walivaa kama watu wa hapa. Wengine walivaa makoti mazito ya baridi, katika joto lile, na matope ya safari ndefu kwenye viatu. Walikuwa wakisikiliza ibada. Mmoja alikuwa na mkono begani kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anajipepea, hajui.

Kisha wakageuza nyuso. Wote. Pamoja. Taratibu, kama mtu anayeitwa jina lake.

Yule wa mbele alitabasamu.

Achille hakumbuki kushuka. Anakumbuka mkono wa Joséphine ndani ya mkono wake. Anakumbuka mlango. Akatia mkono mfukoni, akamwaga mbegu zote, zote kwa mpigo mmoja, na nyuma yake akasikia viti vikiburutwa. Vingi. Halafu sauti ndogo, ya kucha kwenye sakafu.

Ngazi. Gari la kuazima. Robot, zile taa za barabarani, nyekundu, akapita.

"Baba Lyse," Joséphine akanong'ona. "Umeona nini?"

"Nyamaza, mama."

"Uliniona na mimi?" Akamshika mkono wa shati. "Niambie. Niko safi?"

Mama wa watu, walikuwa wamemsema mpaka akawa hajijui.

"Uko safi, mama. Uko safi kabisa."

Akalia mpaka nyumbani.

Niseme ukweli, mpango ulifaulu. Waumini walisimulia kwamba viti vyote vitupu vilianguka kwa wakati mmoja, na wa kwanza kufika barabarani alikuwa Pasta Peguy, kiatu kimoja mkononi. Jina halikutajwa. Vibali havijatoka mpaka leo, lakini wateja wamerudi kwa mahindi, na mwenye nyumba anamwamkia Joséphine kwa adabu.

Ila kigoda kilibaki ukumbini. Achille alikifuata kesho yake. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri, sakafu safi. Hakuna mbegu. Hakuna kigoda. Mlinzi aliapa kwamba ukumbi haukufunguliwa.

Asubuhi iliyofuata, kizingitini kwake, palikuwa na kirundo kidogo cheusi. Mbegu. Zimekusanywa kwa utulivu, kama mtu anayerudisha chenji. Kila asubuhi kirundo kiliongezeka.

Akanunua mbegu nyingine kwa Wahindi, akazimwaga uani. Kulipokucha zilikuwa palepale, hazijaguswa.

Kisha, chini ya dirisha la chumba cha Joséphine, kwenye udongo laini, akaona vishimo vitatu vya duara. Alama za miguu ya kigoda. Mtu alikuwa amekisimamia, anachungulia ndani.

Sasa wao ndio wanatuangalia sisi.

Achille akaja kwangu mbio, hata hodi hakupiga.

"Kopo! Lete lile kopo!"

Nililileta. Akalitikisa. Halikutoa sauti. Akanitazama. Nikaangalia dari.

Niseme nini, jamani? Ilikuwa Krismasi. Mama Clara mwenyewe alishawahi kutuonjesha mkate wao wa sikukuu, uliojaa mbegu zile na sukari, na mimi ni mtu wa kujifunza tamaduni za wenzetu. Nilikanda unga. Nilizitia zote. Nilikula nimesimama, sikubakiza hata makombo, na nikaramba kopo.

Tangu siku Achille alipolitikisa kopo tupu, kwake kumetulia. Joséphine analala vizuri. Hakuna kirundo, hakuna vishimo. Alikuwa amesema kweli yule mama: hawatulii mpaka wazipate zote. Wanajua kuhesabu, na wanajua zilizobaki ziko wapi.

Leo asubuhi nimeviona vishimo vitatu chini ya dirisha langu, vimezama sana, kama vya mtu aliyesimama hapo usiku kucha bila haraka. Na msiwalaumu wachawi, wala Wahungaria, wala Pasta Peguy maskini. Achille alikatazwa kukiacha kigoda, akakiacha akikimbia kuokoa roho. Mimi peke yangu niliombwa nisifanye chochote, nikashindwa na njaa.