Mtu Juu ya Paa la Orval

Siku ya tatu tangu itundikwe, picha ilianza kunuka tope.

Ilikuwa picha ya mji iliyopigwa kutoka angani, kama zile zilizotundikwa ukutani juu ya kochi katika kila nyumba pale. Kila Agosti Lyle Mattson hurusha kindege chake, kisha hupita mlango kwa mlango na picha zilizokwisha kutiwa fremu. Mto, daraja, tangi la maji, maghala ya mahindi, makanisa mawili yasiyosalimiana. Ng'ambo, palipokuwa na shamba la Orval, ni mchanga mtupu. Miaka minne iliyopita tuta la kuzuia maji upande ule lilipasuka kwa mafuriko, mji ukapona, nyumba ya Orval ikasombwa, naye akafa maji. Alikuwa kaka yake Verna Hruska.

Verna alifuta kioo cha picha yake, kitambaa kikatoka na tope.

"Dale, njoo uone," alimwita mumewe. "Nyumba ya Orval ipo. Na juu ya paa kuna mtu."

Dale alitupa jicho mara moja tu. "Uchafu wa kioo huo. Badilisha miwani, mama." Lakini kahawa yake hakuimaliza.

Watu wa pale hawatamki neno jini. Nimeishi nao miaka ishirini na nane. Watakwambia bomba limevuja. Mpaka leo nikikumbuka uhodari wao wa kusema kitu kingine, damu inanichemka.

Asubuhi iliyofuata mtu yule wa pichani alikuwa darajani. Siku ya pili yake alikuwa kwenye maghala, upande wa mji, na ndani ya ukuta yalisikika maji yakigonga mbao polepole, na Verna, amepanda juu ya kochi na lenzi yake ya kushonea, jua la mchana likimchoma mgongoni, akaona ambacho mtu aliye chini asingekiona: alama mbili za katapila zikianza nyuma ya banda lao wenyewe, zikivuka daraja, zikifuata ukingo mpaka kwenye tuta la Orval, na pale lilipokatika udongo haukumomonyoka ovyo, ulikuwa umechimbwa wima, alama za meno ya kijiko cha katapila zikihesabika.

"Ulilikata wewe," alimwambia Dale, kwa sauti ya chini kabisa.

Dale akakaa. "Maji yalibakiza vidole viwili yaingie mjini, Verna, nikayafungulia ng'ambo. Watu mia nane. Nilidhani Orval keshaondoka."

"Ulimpigia simu?"

Dale akainama kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza, Dale. Ulimpigia?"

"Angekataa."

"Ulibeba jeneza lake, mshenzi wewe. Ulishika mbele." Verna alishuka kwenye kochi. "Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, utasimama useme. Huyu wa pichani ni Orval, anakuja. Anataka isemwe, basi."

"Niliwaokoa wote wale."

"Basi watakushukuru."

Jumapili, katika ukumbi wa chini ya kanisa, bakuli za viazi na jibini zikiwa mezani, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno. Dale akasimama. Mikono ya shati lake ilikuwa inachuruzika maji, na nje palikuwa pakavu.

"Nilitaka kuwashukuru akina mama kwa pai," alisema, akakaa. Watu wakacheka.

Verna akasimama yeye, akasema yote: katapila, tuta, simu ambayo haikupigwa. Alipomaliza, hakuna aliyeshtuka. Walitazama sahani zao, na hapo akaelewa kwamba walijua, wote, tangu siku ile.

"Mahindi mwaka huu yamekubali," akasema mmoja.

Verna aliondoka na bakuli lake likiwa halijaguswa. Jioni ile nguo za Dale zilikuwa nje kwenye nyasi, na Dale akahamia kwa dada yake.

Agosti iliyofuata Lyle alileta picha mpya. Juu ya kila paa walisimama watu, familia nzima nzima, mikono juu, kama wanaoita mashua. Kila mmoja alijitambua. Dale alijitambua kwa kofia yake nyekundu. Walizinunua wakazitundika, na kila asubuhi walifuta tope, wakisema ni uchafu wa kioo.

Paa la Verna tu ndilo lilikuwa tupu. Kwenye kibaraza chake alikaa mwanamume mmoja aliyelowa, ametulia, magoti pamoja. Verna aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaenda jikoni akatoa kikombe cha pili.