Kigango cha Mtu Aliye Hai

Ndugu zangu wa Matsangoni na mwambao mzima, nawasimulia yaliyoipata nyumba ya Thoya ili za kwenu zipone.

Mwaka ule wa 1984, kila Jumamosi Kahonzi alirudi kutoka Malindi, alikopanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa, gazeti likiwa kwapani. Babake, Thoya, hakujua kusoma. Alikaa kwenye kigoda akimenya muhogo huku bintiye akimsomea, na nyumba ilikuwa na raha yake.

Jumamosi moja gazeti liliwahimiza wakulima wapeleke barua zao za kumiliki mashamba kwenye ofisi fulani Kilifi kabla ya mwezi kwisha, eti zibadilishwe.

"Nitapeleka," alisema Thoya. "Gazeti lina haja gani ya kunidanganya?"

Kahonzi aliijua haja hiyo. Wiki ile ile, kwa mikono yake, alikuwa amepanga herufi za tangazo la kampuni iliyotafuta ardhi ya kujenga hoteli. Mwenye kampuni alikuwa Laban Mwambire. Mwenye gazeti, Laban Mwambire. Na ile ofisi ya Kilifi, yake pia.

"Baba, nipe wiki moja. Usipeleke."

Akaazimia kuchapa karatasi kubwa ya kubandikwa dukani, kila mtu ajue gazeti ni la nani. Mwenye kiwanda, Mzee Aboud, alipoiona ya kwanza alicheka. "Binti yangu, majina matupu hivi, ni orodha ya waalikwa wa harusi? Wengi kwenu hawasomi. Watafutie umbo wanalolijua."

Kahonzi akatafuta. Alitazama mapindo ya leso, akatazama misuko ya mikeka. Mwishowe, katika kitabu cha picha cha watalii, akakiona kigango, ule mti unaochongwa mfano wa mtu: kichwa cha mviringo, mwili uliojaa pembetatu. Moyo ukamruka! Kwenye kichwa hicho akachora sura ya Laban na miwani yake. Ndani ya pembetatu akachora gazeti, hoteli na ofisi. Ilipendeza mno, na uzuri ule, msomaji, ndio uliompofusha. Shule ya bweni ilimlea mbali na wazee wake; hakukumbuka kwamba kigango huchongewa marehemu.

Nyevu, jirani yao, alikuwa wa kwanza kufika dukani.

"Huyu si Laban?"

"Ndiye, mama. Tazama hapa chini, gazeti ni lake, na..."

"Laban nimemwona jana akishuka garini! Mwanangu, umemzika mtu hai?" Akageuka, akapaza sauti. "Thoya! Leo mwanao amzika Laban, kesho atatuzika sisi!"

Hakuna aliyezitazama pembetatu. Karatasi ilichanwa, ikachomwa. Hata jua halijatua, Thoya alishaitwa mchawi mlangoni pake.

"Baba, nisikilize..."

"Nyamaza! Nitamwonyesha Laban kwamba sina kinyongo naye."

Kesho yake alizipeleka barua za shamba mwenyewe, akampa Laban kwa mikono miwili, akaomba radhi. Majirani wakafuata na zao.

Barua hazikurudi; tingatinga la kujenga hoteli lilikuja kabla ya masika. Thoya alifia Vitengeni, katika kibanda cha kuazima, bila kusema tena na bintiye.

FUNZO

Habari ikikufikia, uliza kwanza ni ya nani, na yeye anapata nini ukiiamini. Nasi tuliosoma tusijione tumeshawajua watu wetu. Kahonzi alikuwa na ukweli mkononi, lakini hakumwonyesha babake kabla ya kuuchapa. Thoya angeitazama karatasi ile mara moja tu, akasema, "Mwanangu, sivyo," na leo angekuwa shambani kwake.