Nilimtoa Nafula Kwenye Grupu, Mama Akapotea

Nina miaka arobaini na mitatu, sina mume, na safari yangu ndefu kwa wiki ni kupanda juu ya paa kuanua nguo. Chekeni, wasomaji wenzangu, lakini msicheke sana... Mtu wa kukaa ndani kama mimi, simu ndiyo miguu yake.

Naishi mtaa wa Mowlem, Nairobi, orofa ya tatu, na mama yangu. Maji kwetu huja yanapotaka. Kwa kuwa mimi sitoki, majirani waliniomba nifungue grupu la WhatsApp. Mfereji ukikohoa tu, naandika "MAJI!" na ploti nzima, wapangaji wote wa jengo letu, inakimbilia mitungi. Grupu likakua. Kupitia hapo tulipata fundi wa choo, tukapata hata watu wa kutoa damu jirani alipojifungua kwa shida. Wakaniita Chifu. Nami na kidato changu cha nne nikaamini!

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Nafula, aliyekaanga mandazi langoni. Mama alipenda kuketi kando ya karai lake akimsimulia utoto wake mtaani Majengo, katika nyumba yenye mlango wa buluu. Mimi hadithi hizo zilinipita, nilikuwa kwenye simu.

Nafula peke yake ndiye niliyemwambia siri yangu: Mama ameanza kusahau. Siku hiyo nilikuta kiatu ndani ya sufuria ya wali. Nililia, naye akalia nami.

Wiki iliyofuata nafungua grupu, naona ameandika: "Majirani, mama ya Rehema siku hizi anasahau njia. Mkimwona nje ya geti peke yake, mrudisheni pole pole."

Jamani! Mbele ya watu zaidi ya mia! Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni.

Nikafuta ujumbe wake. Nikamtoa kwenye grupu. Kisha nikaandika: "Puuzeni huo umbea. Mama yangu ana akili kuliko ninyi nyote. Atakayemshika mkono kama mtoto, atanijua!"

Je, nilitosheka? Wapi! Nilimtuma jirani wa mlango wa pili aninunulie andazi la Nafula. Nikachukua mende, tena mende wangu mwenyewe, mzaliwa wa jikoni kwangu, nikamlaza juu ya andazi nikapiga picha. Nikaituma kwenye grupu: "Andazi la langoni hili. Kuleni kwa macho!"

Wateja wakamkimbia, na siku ya tatu nilimwona kutoka dirishani akifungasha jiko lake. Na andazi? Nililila, upande ambao mende hakuugusa. Lilikuwa tamu...

Kabla hajahamia mtaa wa Mathare, alipanda ngazi akabisha. "Rehe, nimekukosea nini?"

"Uliza grupu," nikamjibu, nikafunga mlango.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa kwenye kochi nikichekea mzaha wa mende kwenye simu. Nilipoinua kichwa, mlango u wazi. Mama hayupo!

Nikatuma picha yake. Majibu yakamiminika.

"Nimepishana naye getini, Chifu. Amesema anaenda kwao."

"Sasa mbona hukumzuia?"

"Si ulisema atakayemshika mkono atakujua?"

Mwingine alimwona steji ya matatu, akamsalimia, akampisha. Watu saba walimwona. Saba! Na wote waliniheshimu...

Majirani wale wale walisambaza picha hadi Umoja na Dandora. Mimi nilizunguka na sandali za bafuni, nikiita kama mwendawazimu. Siku mbili, kimya.

Habari zikamfikia Nafula kwa mteja wake. Yeye hakuhitaji picha. Alienda moja kwa moja Majengo akauliza wazee nyumba ya mlango wa buluu ilikuwa wapi. Siku hizi pale ni stoo. Mama alikuwa amelala nyuma yake, nyonga imevunjika. Alikuwa amegongwa na mkokoteni.

Hajasimama tena. Nami hanijui tena.

Nilikiri kwenye grupu kwamba mende alikuwa wangu. Maji sasa hutangazwa na mtu mwingine. Nilimrudisha Nafula, akajitoa dakika ile ile. Alipokuja nyumbani akaniambia, "Mimi ni wa mende, Chifu. Hapa nakuja kwa ajili ya mama."

Huja kila Jumapili. Mama humshika mkono na kumwita Rehema. Jumapili iliyopita akamnong'oneza, "Rehema, huyu mwanamke wa simu ni nani?"

Nafula akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifunge ule mlango. Akatabasamu.

"Ni jirani tu, Mama."

Nilistahili. Wenzangu, mkiwa na mzazi anayesahau, semeni! Waambieni wa ploti, wa dukani, wa steji, wote. Na anayewasemea, msimlipize kisasi. Msingoje mtambulishwe kwa mama yenu kama jirani...