Hodi ya Chemchemi

Mnyoochuma, roboti mchimbaji, alikuwa akila jiwe chini ya ardhi taratibu, kama mtu anayetafuna muhogo mbichi, kwa meno yake ya almasi. Huku juu, ndani ya hema bondeni Wembere, kila alichokipita kilijichora hewani kwa mwanga: udongo mwekundu, mchanga, kisha tope jeusi la ziwa lililokauka kabla binadamu hajakuwepo. Mifupa ya samaki ilielea mbele ya uso wa Wande, mjiolojia wa kisima hicho cha utafiti, naye akasahau hata kumeza mate.

"Tope hilo ndilo lililopika gesi," akamwambia Mhandisi Kingu. "Ikapanda, ikanaswa chini ya mwamba mgumu. Sufuria na kifuniko chake."

"Basi funua, dada, wenzio tuna njaa!"

Wande akacheka. Mji mzima ulikuwa unasubiri umeme. Akaamuru kifuniko kitobolewe, waonje kidogo tu. Gesi ikapanda ikivuma, moto wa buluu ukasimama juu ya mlingoti, vigelegele vikalipuka.

Mara simu ya sikioni ikaita. Shangazi yake, Mbuke, kutoka chemchemi ya kijijini kwao.

"Wande mwanangu, nimevua viatu, nimepiga hodi, sijaitikiwa."

Kwao hakuna achotaye maji kabla ya kupiga hodi na kungoja povu lipande.

"Ngoja tena, shangazi."

"Ningoje nini? Miguu imekufa ganzi, na maji haya yanashuka nayaona!"

Wande akaugeukia mwanga. Ufa mwembamba ulitoka kwenye gesi mpaka chemchemi. Kumbe gesi ndiyo iliyokuwa ikiyasukuma maji juu.

"Tufunge bomba," akasema Kingu.

"Haitoshi. Kifuniko kina tundu, itavujia mchangani. Labda Mnyoochuma ajivimbishe, azibe. Lakini hatatoka tena."

Kingu akamtafuta Mnyoochuma kwenye mwanga. Alikuwa amemuunda mwenyewe, akamfundisha hata kusema. Hatimaye akakiinamia kipaza sauti.

"Mwanangu, jivimbishe. Kaa hapo hapo."

"Nakaa, baba."

Moto ukazimika. Ziwa la kale likafutika hewani, na mji ukabaki na giza lake.

Asubuhi, kwenye chemchemi, Kingu alisimama peku kando ya Wande na shangazi.

"Haya, baba," Mbuke akamwambia. "Usione haya."

"Hodi," akasema Kingu.

Maji yakatulia. Wakangoja, wakangoja. Kisha povu moja likapanda kutoka chini kabisa, likapasuka.

"Ndiye mwanangu," akasema Kingu, akachuchumaa kuchota.